Arusha inamtaka Mo wake, lakini kwa mkataba gani?

Kila Ligi Kuu inapoanza na Arusha haimo, kwenye vijiwe vya Kilombero na Ngarenaro hukumu huwa ni moja: hatuna tajiri. Simba wana Mo, Yanga wana kampuni ya GSM, sisi tuna kelele. Wapo wanaoongeza kwa uchungu kwamba hata huyo Mo alipita mikononi mwetu. Mohammed Dewji alizaliwa Singida mwaka 1975, lakini shule ya msingi aliisomea hapa hapa Arusha kabla ya kwenda Dar es Salaam na baadaye Marekani, ambako mwaka 1998 alimaliza shahada ya biashara ya kimataifa na fedha katika Chuo Kikuu cha Georgetown, Washington. Angenogewa na baridi ya huku, wanasema, leo AFC, klabu yetu ya Arusha, ingekuwa inacheza na Al Ahly ya Misri.

Mimi sidhani. Ila kabla ya kuwabishia, hoja yao ipewe haki yake, maana ushahidi wanao. Simba ilitwaa ubingwa msimu wa 2011/12, kisha ikakaa misimu mitano mikavu. Mwaka 2016 Dewji alijitokeza na shilingi bilioni 20 akitaka asilimia 51 ya klabu. Serikali ikasimamia kanuni kwamba klabu iliyoanzishwa na wanachama lazima asilimia 51 zibaki kwao, na Desemba 2017 akatangazwa mshindi wa zabuni, sehemu yake ikaishia asilimia 49, fedha zikiwa zilezile. Kilichofuata kinajulikana: ubingwa mara nne mfululizo, kuanzia 2018 hadi 2021. Al Ahly walikuja Dar es Salaam Februari 2019 wakapigwa bao la Meddie Kagere. Wakarudi Februari 2021 wakapigwa la Luis Miquissone. Robo fainali za Afrika zikawa jambo la kawaida mpaka mashabiki wenyewe wakaanza kuzichoka. Mwaka 2025 timu ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na kuliachia kombe RS Berkane ya Morocco.

Kuna na jambo ambalo vijiweni halisemwi sana. Zaidi ya fedha za usajili, tajiri aliyesoma biashara alileta mtindo wa kuajiri watu wa kuendesha klabu. Simba ikaanza kuwa na mtendaji mkuu anayelipwa kwa kazi hiyo, badala ya katibu anayejitolea huku akitafuta riziki pengine. Mwaka 2019 walimleta Senzo Mbatha kutoka Afrika Kusini; mwaka uliofuata akahamia Yanga, na nafasi yake ikachukuliwa na Barbara Gonzalez. Watani wa jadi kugombea mtendaji kama wanavyogombea mshambuliaji! Zamani kitu kama hicho kisingefikirika Jangwani kwa Yanga wala Msimbazi kwa Simba, na kwangu mimi hayo ni maendeleo makubwa kuliko bao la Kagere.

Sasa upande wa pili. Ushahidi wake nao hauko mbali, uko Yanga. Yusuf Manji aliiongoza na kuilipia klabu hiyo tangu 2012, na chini yake mataji yalikuja mfululizo. Mei 2017 akajiuzulu. Klabu iliyoanzishwa mwaka 1935, yenye mashabiki kila kijiji cha nchi hii, ikajikuta mishahara haina mwenyewe. Msimu wa 2018/19 kocha Mwinyi Zahera alisimama mbele kuhamasisha mashabiki wachangie, bakuli likapita, na timu ikamaliza nafasi ya pili kwa jasho na michango. Waliocheka kwa sauti kubwa walikuwa watu wa Simba. Lakini Septemba 2021 Dewji alipoachia uenyekiti wa bodi, kicheko kiliwarudia wenyewe: ubingwa ukahamia Jangwani, na kila timu iliposuasua kilio kilikuwa kilekile, Mo arudi. Juni 2024 alirudi kwenye kiti. Katika miaka hiyo yote asilimia 51 za wanachama hazikupungua hata moja kwenye karatasi, ila hakuna aliyezililia.

Hapo ndipo ninapoona udhaifu wa kanuni yetu, ingawa nia yake ni njema. Tupige hesabu. Ikiwa asilimia 49 ni bilioni 20, klabu nzima inathaminiwa karibu bilioni 41, na sehemu ya wanachama ni kama bilioni 21. Vizuri. Mwakani kampuni ya klabu ikihitaji bilioni 10 zaidi za usajili, kambi na safari za Afrika, wanachama wanatakiwa watoe bilioni 5.1 kama wanataka kubaki na uzito wao. Wanazitoa wapi? Ada ya uanachama hailipi hata kambi ya wiki mbili. Kwa hiyo zinabaki njia mbili: mwekezaji aongeze hisa, jambo ambalo kanuni inalikataza, au aikopeshe klabu. Akiikopesha, wanachama wanabaki na asilimia 51 za kitu kinachodaiwa na mwenye asilimia 49. Kura ni zao, ila anayedai ndiye anayesikilizwa. Siku akisema amechoka hahitaji kumfukuza mtu. Anadai chake tu.

Watetezi wa matajiri hujibu kwamba hakuna mwenye akili atakayeiua timu aliyoitilia mabilioni. Ni kweli, kuua haiui. Anaweza kuihamisha.

Waulizeni watu wa Ubaruku, Mbarali, mkoani Mbeya. Novemba 29, 2022, pale Highland Estate, Ihefu iliifunga Yanga 2-1 na kukata mfululizo wa mechi 49 bila kupoteza. Nchi nzima ikajifunza kuitaja Mbarali. Haikupita hata miaka miwili, mwaka 2024 Ihefu ikahamia Singida na kuitwa Singida Black Stars. Hakuna sheria iliyovunjwa. Timu ilikuwa mali ya wenye nayo, na wenye mali wakaipeleka walikotaka. Watu wa Singida nao wanapenda mpira, na hawana kosa. Lakini yule kijana wa mashamba ya mpunga aliyeiona Yanga ikiinamisha kichwa mbele ya macho yake, leo timu yake inacheza mkoa mwingine kwa jina jingine.

Anayedhani haya ni ya ligi changa tu aangalie wasomi wa chuo kilekile cha Mo. Ted Leonsis alimaliza Georgetown mwaka 1977, akatajirika kwenye biashara ya intaneti, na mwaka 1999 akainunua timu ya mpira wa magongo wa barafuni ya jiji hilohilo, Washington Capitals. Mwaka 2010 akaongeza timu ya kikapu, Wizards, pamoja na ukumbi wao katikati ya jiji. Hakuwa mmiliki mbaya. Mwaka 2018 Capitals walitwaa Kombe la Stanley kwa mara ya kwanza katika historia yao. Hata hivyo Desemba 2023 alisimama pamoja na gavana wa jimbo jirani la Virginia na kutangaza kwamba timu zote mbili zitavuka mto Potomac kwenda Alexandria, kwenye ukumbi mpya. Wenye migahawa na maduka jirani na ukumbi wa zamani wakabaki wameshika tama. Mpango ulikwama kwenye Seneti ya Virginia, na Machi 2024 Leonsis akasaini na meya wa Washington kubaki hadi mwaka 2050, jiji likikubali kutoa dola milioni 515 za kukarabati ukumbi.

Unaweza kuisoma habari hiyo kwa namna mbili. Anayempenda tajiri atasema: umeona, amebaki, na ukumbi unakarabatiwa. Mimi naisoma kwamba mapenzi ya watu kwa timu yao yaligeuzwa kuwa turufu mezani, na mwenye timu ndiye aliyeitupa. Tofauti ni kwamba Washington nao walikuwa na karata zao: ardhi ya ukumbi ni ya jiji, mkataba wa kuitumia ulikuwepo, na meya alikuwa na bajeti. Mbarali hawakuwa na kitu cha kuweka mezani.

Kwa hiyo tubaki na wanachama, kama wazee wetu? Hapo lazima niwageukie wenzangu wa Moshi, maana wao wana elimu ya jambo hili kuliko mikoa yote. KNCU, chama kikuu cha wakulima wa kahawa, kimekuwepo tangu 1933. Uwanja ambao Polisi Tanzania iliutumia kwenye Ligi Kuu unaitwa Ushirika, na Chuo Kikuu cha Ushirika kiko mjini humohumo. Mchaga mwenye umri mkubwa anaweza kukusimulia namna kahawa iliyouzwa kwa pamoja ilivyosomesha watoto. Anaweza pia kukusimulia mwaka 1976, serikali ilipovifuta vyama vikuu vya ushirika na wenye mali wakaisikia habari hiyo kama watu baki. Na baada ya kurudishwa, madeni na migogoro ya uongozi havikukauka.

Aliyewahi kukaa kwenye mkutano mkuu wa AMCOS, ushirika wa mazao, au SACCOS, ushirika wa akiba na mikopo, anaijua sura yake. Saa nne asubuhi mgeni rasmi hajafika. Saa nane hotuba zinaisha. Taarifa ya mapato na matumizi inasomwa jioni, mweka hazina akiwa na nakala moja mkononi, anakimbia kwenye tarakimu kama anayefukuzwa, na fungu nono kuliko yote linaitwa "matumizi mengineyo". Mtu mmoja nyuma ananyoosha mkono. Mwenyekiti anamwambia muda umetutupa mkono, posho za nauli zinatolewa pale mlangoni. Ukumbi unasimama. Umiliki wa wanachama ukifikia hapo, wanaoila mali ni watu watano, na tofauti yao na tajiri ni kwamba wao hawakuweka hata senti. Nikilazimishwa kuchagua kati ya hao watano na tajiri mmoja, namchukua tajiri, angalau anaumia timu ikifungwa.

Ila Arusha na Moshi hatujawahi hata kuufikia uchaguzi huo. Timu ya mwisho kuiwakilisha Arusha kwenye Ligi Kuu kama timu yetu, JKT Oljoro, ilikuwa ya jeshi na ikashuka 2014. Zilizokuja baada ya hapo ni za kuazima uwanja. Polisi Tanzania iliyokaa Moshi ilikuwa ya polisi, ikashuka msimu wa 2022/23. Uwanja wa Sheikh Amri Abeid ni mali ya CCM, umezungukwa na fremu za maduka ambazo kodi yake haiingii kwenye klabu yoyote. Tulishangilia vitu vya taasisi, na taasisi zina kazi nyingine za kufanya. Tajiri akija leo hakuna ardhi ya kununua, hakuna majengo, hakuna hata jezi zinazouzika. Atakachonunua ni jina na watu wa mji. Hicho ndicho kitu chetu pekee cha thamani, na ndicho ambacho Ihefu ilikiacha Ubaruku bila kulipia.

Ndiyo maana nasema mjadala wa tajiri mzuri au mbaya unatupotezea muda. Dewji ni mzuri siku ya kusajili na anasakamwa siku ya kufungwa na Yanga, hayo hayapimiki. Kinachopimika ni vifungu. Jina na mji viwe juu ya hisa, visibadilishwe bila kura ya theluthi mbili ya wanachama walio hai kwenye daftari, hata mwekezaji awe na asilimia ngapi. Fedha yake ijulikane tangu siku ya kwanza kama ni mtaji au mkopo, na kama ni mkopo, akiondoka alipwe kidogo kidogo kutoka kwenye mauzo ya wachezaji, asije akaifunga klabu kwa siku moja. Hesabu zikaguliwe na mtu wa nje na nakala itumwe kwa kila mwanachama kwa simu kabla ya mkutano, tusisubiri mweka hazina wa jioni. Tajiri anayekataa hayo kwa kusema yanamkatisha tamaa anatuambia mapema anachokusudia, na tumshukuru.

Upo ubishi mmoja dhidi yangu ambao naukubali nusu: ukiweka masharti mengi, mwenye fedha anakwenda Babati au Singida, wasio na masharti. Inawezekana. Lakini kuanzia sasa Arusha ina kitu ambacho miji hiyo haina. Uwanja wa Olmoti, wa watu 30,000, unajengwa kwa ajili ya AFCON 2027 ambayo tunaiandaa na Kenya na Uganda. Mashindano yakiisha, nyasi zile zitahitaji timu ya kuzichezea kila wiki, na mwenye uwanja huo ni umma, kama ilivyo ardhi ile ya Washington. Halmashauri na wizara wakitaka, haki ya kuutumia uwanja kwa miaka 20 inaweza kupewa klabu ya mji kwa sharti kwamba ibaki ya mji, na mwekezaji akaikuta imeshaandikwa.

Kazi hiyo haisubiri tajiri. Inaanza na daftari la wanachama wa AFC. Likiwa na majina elfu mbili yaliyolipa ada, pamoja na ya akina mama wa Kilombero na madereva wa noah za Usa River, atakayekuja atazungumza nao ukumbini mchana kweupe. Likiwa tupu, atazungumza na viongozi watano hotelini, usiku, nasi tutasikia redioni asubuhi.