Mfumo wa afya na utambulisho unajengwa kwa awamu, sawa, ila kipande kipi kinatangulia?

Kila ukitajwa mfumo wa kidijitali wa afya uliounganishwa na utambulisho wa watu, mjadala ni uleule: ujengwe wote kwa mkupuo, au kwa vipande, leo usajili, kesho maabara, keshokutwa duka la dawa, kila kipande ni moduli inayoweza kung'olewa na kuwekwa nyingine bila kubomoa zilizobaki. Saa hizi wengi wameshakubali vipande na awamu na mimi niko nao, ila naona tunaruka swali kubwa zaidi. Kipande kipi kinaanza, na pesa zikikata baada ya hicho cha kwanza, mgonjwa anabaki na nini?

Wanaotaka mkupuo wana hoja, tusiwapuuze. Wanasema ukijenga kidogo kidogo kila idara inajitungia namba yake ya mgonjwa, maabara ina yake, kliniki ya wajawazito ina yake, duka la dawa lina yake, alafu siku ya kuziunganisha hakuna anayejua nani ni nani. Hilo ni kweli kabisa. Lakini tuangalie Uingereza, walianza mradi wa kitaifa wa kompyuta za NHS, yaani huduma yao ya afya ya umma, mwaka 2002, mabilioni ya pauni yakaingia, na Septemba 2011 serikali ikatangaza inauvunja. Sio kwamba kila kitu kilipotea. Mfumo wa kutuma picha za eksirei kati ya idara ulifanya kazi vizuri tu, mtandao ulibaki, kilichokwama ni ile rekodi moja ya kina ya kila mgonjwa ambayo ilitegemea kila hospitali ikubali mfumo uleule. Yaani vilivyopona ni vile vilivyoweza kusimama vyenyewe.

Estonia walienda njia nyingine. Mwaka 2001 hawakuanza na databesi kubwa, walianza na barabara, yaani X-Road, njia salama ya taasisi moja kuiuliza nyingine swali na kujibiwa, huku kila mmoja akibaki na data zake. Kadi za utambulisho zikaja 2002, rekodi za afya mwisho wa 2008, cheti cha dawa cha kidijitali 2010. Hesabu hapo, kutoka kadi hadi dawa ni miaka 8 hivi, na hiyo ni nchi ya watu milioni 1.3 tu, kwa hiyo akija mtu na mpango wa awamu tano ndani ya miezi 18 kwa nchi yenye watu mara thelathini ya hapo, muulize vizuri. Alafu 2017 ikagundulika chipu za kadi karibu 760,000 zina udhaifu wa usalama, wakasimamisha vyeti vya usalama vilivyomo ndani ya kadi hizo na kuviweka vipya, bila kulazimika kujenga rekodi za afya upya. Hiyo ndo faida halisi ya moduli, kwamba kipande kikiugua kinatibiwa chenyewe.

Ila awamu nazo zina mzigo wake na anayeubeba sio aliyechora mchoro. Anaubeba muuguzi. Kile kinachoitwa kipindi cha mpito maana yake ni kwamba mchana anaandika kwenye rejista ya karatasi, jioni miguu imemvimba anakaa kuingiza yaleyale kwenye kompyuta, kwa sababu moduli ya ripoti bado haijaja na wakubwa bado wanataka karatasi. Mpito wa miezi mitatu unakuwa miaka mitatu. Kwangu mimi awamu isiyomwondolea huyu muuguzi hata rejista moja haijakamilika, hata kama imezinduliwa kwa shangwe.

Sasa utambulisho, hapa ndo penyewe. Kuna wanaosema utangulie, kila mtu apewe namba moja, alama za vidole, kisha afya ije kukaa juu yake. Wanaitolea mfano Aadhaar ya India, iliyoanza kutoa namba 2010, tarakimu 12, na kimsingi mfumo ukiulizwa huyu ndiye? unajibu ndiyo au hapana, haumwagi maisha yote ya mtu mezani. Ni muundo mzuri. Lakini vidole vya mtu aliyefanya kazi ya mikono miaka arobaini vimesagika, mashine inavikataa, na vya mtoto mchanga ndo kabisa, na vilevile kuna watu wameshanyimwa huduma ambazo ni haki yao kwa sababu tu mashine haikuwatambua. Mahakama ya Juu ya India mwaka 2018 iliuacha mfumo uendelee ila ikaukata makali, kampuni binafsi zikazuiwa kuwadai watu namba hiyo. Kenya nako Huduma Namba, mpango wa kumpa kila mtu namba moja ya utambulisho, ilipelekwa mahakamani, Januari 2020 ikaambiwa ipate kwanza sheria ya kutosha, Oktoba 2021 mahakama ikasema utoaji wa kadi ni batili kwa kuwa tathmini ya athari kwa data za watu haikufanyika. Hapo sheria nayo ilikuwa moduli, na ndiyo iliyosahaulika kuwekwa awamu ya kwanza.

Nimewahi kukaa nyuma ya dirisha la usajili namsaidia karani kuingiza wagonjwa. Foleni ndefu, anakuja mtu anaitwa Mohamed, mara iliyopita aliandikwa Muhammad, na kabla ya hapo Mohammed, tarehe ya kuzaliwa hana uhakika kwa hiyo imewekwa 1 Januari kama ya nusu ya watu waliomo humo. Karani anatafuta, hampati, anafungua faili jipya. Sasa mtu mmoja ana mafaili matatu, ni shida lakini inavumilika. Kinachotisha ni kinyume chake, watu wawili wanaofanana jina na hiyo 1 Januari wanaunganishwa faili moja, kundi la damu la huyu linasomeka kwa yule, mzio wa penisilini wa mmoja unafutika kwa sababu mwenzake hana. Na hapo hakuna aliyefanya uzembe, ni watu wanakimbizana na foleni.

Ndo maana nasema afya iwe na namba yake yenyewe, na kitambulisho cha taifa kiingie humo kama taarifa mojawapo tu, kama simu au jina la mama, kisaidie kumtambua mtu bila kuwa ufunguo wa mlango. Aliyeletwa amezimia apewe namba ya muda atibiwe, jina litajulikana baadaye na mafaili yataunganishwa. Wanaopinga wanasema namba mbili ni gharama mbili, na ni kweli utalipia, lakini bora ulipie hiyo kuliko mjamzito arudishwe getini kwa sababu kadi yake haijatoka.

Na kama mafaili yataunganishwa, basi lazima yaweze kutenganishwa. Kuunganisha kunawekwa mapema kwa sababu kunapendeza kuonyesha kwa wafadhili, kutenganisha kunasukumwa awamu ya tatu, ambayo mara nyingi haifiki. Kabla mkataba wa awamu ya kwanza haujasainiwa ningetaka kuonyeshwa kwenye skrini, sio kwenye slaidi: mafaili mawili yaliyounganishwa kimakosa yanatenganishwaje, nani ana ruhusa, inachukua muda gani, na daktari aliyeshasoma lile faili baya anapewaje taarifa siku hiyohiyo.