Mtoto tumemtayarisha kuingia, kukaa bado

Wiki iliyopita jina la mtoto wa dada yangu limetoka. Kwetu Pemba, vijiji vya nyuma ya Konde, husemwa hivyo tu, "jina limetoka", na kila mtu anafahamu. Aliomba nafasi katika skuli moja ya dahalia, ya kulala huko huko, Unguja, yenye kuchukua watoto wachache katika wengi: fomu kwanza, kisha mtihani wa kuingilia, kisha usaili. Adhuhuri haijaadhiniwa simu zimeshaanza kulia. Usiku ukapikwa wali, ikasomwa dua, mtoto akakalishwa katikati na shungi lake jeupe. Kila aliyeingia alimpa mkono na neno lile lile: "Hapa ulikuwa wa kwanza, na huko ukawe wa kwanza."

Nilikuwa nimekaa karibu na mlango, namtazama. Kila akiambiwa hivyo alitabasamu na kuitikia "inshallah", lakini vidole vyake vilikuwa vinasokota pindo la shungi, vinalisokota na kuliachia. Ana miaka 12.

Mwezi mzima tulishughulika naye. Mwalimu wake alimwandikia jibu la Kiingereza la swali la "kwa nini unataka kusoma hapa", akalihifadhi kama anavyohifadhi sura za Juzuu Amma. Mimi nilimdurusisha hesabu kwa simu kila baada ya isha. Mjomba wake alimfundisha namna ya kukaa mbele ya wasaili, mikono wapi, macho wapi. Yote hayo ni ya kuingia. Habari ya kukaa huko hatukuigusa hata siku moja, na mimi niliyepita njia hiyo hiyo ndiye mwenye lawama kubwa kuliko wote.

Zamani ndoto ya mtoto wa Kipemba aliyefaulu ilikuwa skuli ya Fidel Castro, hapa hapa kisiwani, au Lumumba kwa atakayevuka bahari. Marehemu babu yangu mpaka anakufa Lumumba akiiita King George, jina lake la kabla ya Mapinduzi. Siku hizi na skuli za binafsi zimeongezeka, zenye fomu zake na mitihani yake. Kilichobaki vile vile ni hesabu ndogo ambayo hakuna anayemfanyia mtoto: darasa la dahalia lina watoto 40, na kila mmoja wao alikuwa wa kwanza au wa pili kwao. Wakishakaa pamoja, lazima mmoja wao awe wa 40. Hakuacha kusoma wala hakurogwa. Ni wa 40 kwa sababu nafasi hiyo lazima iwe na mtu.

Mimi nilikuwa wa 39 katika 42.

Nilipochaguliwa ilikuwa msimu wa karafuu. Elimu ilikuwa bila malipo tangu Mzee Karume alipotangaza hivyo 23 Septemba 1964, na baba akipenda kuitaja tarehe hiyo, lakini karatasi ya vitu vya kwenda navyo haikuwa bila malipo: godoro, shuka mbili, chandarua, ndoo yenye kifuniko, sahani, kikombe, sanduku la bati na kufuli lake. Usiku tulikaa sote ukumbini tunachambua karafuu na makonyo mpaka vidole vinakuwa vyeusi, asubuhi zinaanikwa kwenye majamvi, na mvua ikitishia tunakimbia kuzikusanya. Baba alipopeleka magunia kuuza alirudi na lile sanduku, la buluu, limechorwa maua mekundu kifunikoni. Nililifungua na kulifunga mara ngapi sijui. Ndani lilinuka rangi mpya, na baada ya siku mbili tatu likanuka karafuu kama sisi wenyewe.

Mtihani wa kwanza wa hesabu ulikuja wiki ya nne. Nilisoma hesabu kwa Kiswahili tangu darasa la kwanza hadi la saba. KDS na KKS nilizijua kama ninavyolijua jina la mama yangu. Mwalimu wetu alikuwa akiniita ubaoni niwaonyeshe wenzangu. Nikafungua karatasi, swali la kwanza linataka LCM ya 12 na 18. Herufi tatu hizo nilikuwa sijapata kuziona. Nilizitazama mpaka wino ukaanza kucheza machoni. Jibu, 36, lilikuwamo kichwani mwangu muda wote ule, na mimi sikujua kwamba ndilo ninaloulizwa. Kigawe kidogo cha shirika, KDS yangu ile ile! Nilikuja kufahamu usiku kitandani, taa zimeshazimwa, nikauma shuka nisisikike nikilia.

Matokeo yalibandikwa mlangoni mwa darasa, majina yote, wa kwanza mpaka wa mwisho. Nilianza kujitafuta juu, kwa mazoea. Nikashuka. Nikaendelea kushuka na wenzangu wako nyuma ya bega langu wanasoma.

Jumapili mama alipiga simu ya mlezi wa dahalia. Akauliza nakula, nikasema nakula. Akauliza nalala, nikasema nalala. "Na masomo, mwanangu?" Nikamwambia naendelea vizuri, alhamdulillahi. Huo ndio uongo wangu wa kwanza kwa mama, na niliurudia kila Jumapili kwa muhula mzima, kwa sababu kule kwetu watu walishakula wali wa matokeo yangu, na wali ukishaliwa haurudishwi sufuriani.

Aliyenitoa hapo ni dada mmoja wa kidato cha tatu, mtu wa Makunduchi, kitanda chake kikitazamana na changu. Hatukuwa na mazoea. Usiku mmoja wa Ramadhani, wenzetu wamekwenda tarawehe, alinikuta nimekaa sakafuni nimeegemea sanduku. Hakuniuliza kitu. Alifungua lake, akaondoa nguo zote, akanyanyua gazeti alilolitandika chini, akatoa ripoti iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa ripoti yake ya muhula wa kwanza. Nafasi ya 38. Na yeye wakati ule alikuwa katika watano bora wa darasa lake, skuli nzima inamjua. Akaniambia, "Mimi hii siionyeshi mtu, wewe nakuonyesha." Kisha akaikunja, akairudisha mahali pake, akapanga nguo juu yake.

Basi. Hakunipa nasaha yoyote. Lakini siku ile nilifahamu kwamba kuna njia ya kutoka 38 kufika pale alipo, na kwamba mtu anaweza kuipita. Siku ya pili nilikwenda kwa msichana mmoja wa mjini, Kiingereza chake kimenyooka, nikamwambia nikufundishe jometri nawe unisomee maswali. Kufika mwaka wa pili nilikuwa wa 11. Wa kwanza sikupata kuwa tena, na sikufa.

Leo nafundisha hesabu, na nimekaa upande wa pili wa mlango ule. Katika kila kundi jipya nawaona watoto wawili watatu ambao mwezi wa kwanza wananyoosha mkono kila swali, na mwezi wa tatu hawanyooshi tena. Wengine huumwa tumbo kila kuamkia siku ya mtihani. Wengine husemwa wana mashetani, huchukuliwa nyumbani kusomewa, na wakiwa nyumbani hupona, kwa kuwa nyumbani hakuna orodha mlangoni. Wapo wasiorudi. Tukiwapoteza hao husemwa "hakuweza dahalia", na hakuna anayejiuliza kama dahalia ilimweza yeye.

Nasema wazi kwa walimu wenzangu: orodha ya mlangoni iondoke, angalau kwa muhula wa kwanza. Mtoto apewe alama zake mkononi, aambiwe amekosea wapi. Tukiambiwa ushindani unawaamsha, mimi nimeona unawaamsha wa 1 hadi wa 10. Wa 39 unamlaza. Na muhula huo huo wapewe wiki za mwanzo za kujifunza lugha ya masomo kabla hawajapimwa kwayo. Kweli, tangu sera ya elimu ya 2006 hesabu na sayansi hufundishwa kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, na mtoto wa dada yangu LCM anaijua. Lakini anaijua kwa mwalimu anayeandika Kiingereza ubaoni na kueleza kwa Kiswahili, maana hivyo ndivyo watoto wanavyofahamu, na simlaumu hata kidogo. Huko aendako atakaa na watoto waliozungumza Kiingereza tangu chekechea. Watakapofanya mtihani mmoja hawatakuwa wamepimwa kitu kimoja.

Na kwa wazazi. Dada yangu sasa hivi anaogopa bahari. Hana kosa, hakuna nyumba ya Pemba iliyosahau usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilipozama ikija huku na kuchukua mamia ya watu wetu. Ataomba dua gatini Mkoani, atasimama mpaka meli ipotee, hatalala mpaka apigiwe simu kwamba mtoto ameshuka Malindi, Unguja. Bahari anaiona. Anachotakiwa kukiogopa zaidi ni ile simu ya Jumapili ambayo mtoto atasema anaendelea vizuri, alhamdulillahi, na yeye atamwamini kwa sababu ndivyo anavyotaka kusikia. Mwulizeni mtoto maswali mengine. Somo lipi hulifahamu? Nani unakaa naye ukidurusu? Mara ya mwisho ulilia lini? Na ripoti ya kwanza ikija na nafasi ya 39, isikunjwe haraka mgeni akiingia. Mtoto anatazama mnavyoikunja.

Jana nilimwambia dada kwamba nataka mtoto ende na ripoti yangu. Ninayo bado, imeshakuwa ya manjano, pembe moja imeliwa na mende, lakini 39 inasomeka vizuri. Nataka ikae chini ya nguo, chini ya gazeti, na nimweleze mwenyewe ni kitu gani. Dada akaruka: "Yaallah! Mtoto hajaondoka unamtabiria kuanguka? Utamvunja moyo." Nikamwambia moyo wangu mimi ulivunjika kwa kuwa hakuna aliyenitabiria. Akanyamaza, akaendelea kukunja shuka.

Hajakubali. Lakini usiku, nilipokuwa nimejilaza, mtoto alikuja akakaa ukingoni mwa kitanda changu. Akaniuliza, taratibu mama yake asisikie, "Mama mdogo, huko kuna mtu huwa wa mwisho?"

Nikainuka nikaenda kuitafuta ripoti.