Guangzhou au Istanbul: pa kununulia si lazima pawe pa kuishi

Kikuubo, soko la jumla, na mitaa inayoizunguka katikati ya Kampala imejaa watu wanaozijua Guangzhou ya China na Istanbul ya Uturuki kama wanavyoijua njia ya Jinja. Wamekwenda, wamenunua, wamerudi. Lakini anayekwenda kwa siku kumi na anayehamia kwa mwaka mzima hawauoni mji kwa jicho moja. Wa kwanza analala hotelini, anazunguka sokoni, anapanda ndege. Wa pili anatafuta nyumba ya kupanga, kibali cha kuishi, daktari, na mtu wa kumpigia simu polisi wakimsimamisha. Siku hizi vijana wengi wanataka kuwa huyo wa pili: wakae huko kama mawakala, wawanunulie wenye maduka wa Kampala, wakague mzigo, waufungashe na kuupakia, wao wale kamisheni. Tatizo ni kwamba wengi wao bado wanachagua mji kwa jicho la mgeni wa siku kumi.

Kwa jicho hilo Istanbul inashinda mapema. Turkish Airlines inakutoa Entebbe hadi huko bila kubadili ndege. Saa ni zilezile za Kampala, kwa kuwa Uturuki iliacha kugeuza saa mwaka 2016. Mteja akipiga simu saa nne asubuhi, na kwako ni saa nne asubuhi. Misikiti iko kila mtaa, chakula halali hakitafutwi, WhatsApp inafanya kazi, na mabango unaweza kuyasoma hata kama huelewi, maana Kituruki kinaandikwa kwa herufi za Kilatini tangu 1928.

Tena biashara ya Laleli, mtaa wa maduka ya nguo za jumla mjini Istanbul, imekaa vizuri kwa mtu wa mtaji mdogo. Muuzaji hakukatii gauni moja, wala hakulazimishi kuagiza mia tano. Anakuuzia kwa seri, yaani mfuko wenye nguo ya mtindo mmoja katika saizi zinazofuatana. Ukichukua seri tatu za mtindo huu na mbili za ule, ukampelekea mtu wa kago, mzigo unapimwa kwa kilo, unapanda ndege, na kwa siku chache uko Kampala. Mwenye butiki hahitaji kontena, anahitaji mtindo ambao jirani yake bado hajauona.

Kuna na jambo la ushuru ambalo watu hulisahau. Aprili 2024 wafanyabiashara wa Kampala walipofunga maduka, malalamiko yao hayakuwa juu ya mfumo wa risiti wa EFRIS peke yake. Walilalamikia pia ushuru wa nguo za nje unaohesabiwa kwa uzito. Ushuru wa kilo humuumiza zaidi mwenye nguo za bei rahisi, kwa sababu fulana ya dola moja na blauzi ya dola kumi zinaweza kuwa na uzito uleule. Hapo tena Istanbul inapata alama.

Sasa hamia. Kwanza, unafuu wa maisha uliosimuliwa miaka michache iliyopita umepungua sana. Mfumuko wa bei Uturuki ulipita 85% kwa takwimu rasmi Oktoba 2022. Mwanzoni mwenye dola alikula vizuri, lira ikishuka na dola yake ikinenepa. Baadaye bei na kodi za nyumba zikapanda kwa kasi kuliko lira ilivyoshuka, na hata viwanda vya nguo vya Kituruki vikaanza kuhamishia kazi Misri kutafuta gharama nafuu. Wakala ambaye hesabu zake ni za 2021 atashangaa mwezi wa kwanza tu.

Pili, na hili kwangu ndilo zito, ni makaratasi. Mwaka 2022 serikali ya Uturuki ilifunga mitaa mingi isisajili wageni wapya, ikiweka kikomo cha wageni 20% ya wakazi. Wilaya ya Fatih ilikuwa miongoni mwa za kwanza kufungwa, na Laleli iko ndani ya Fatih. Kwa maneno mengine, soko liko hapa lakini anwani yako lazima iwe kwingine, mbali, na kila asubuhi ni metrobasi iliyojaa. Vibali vya kukaa kwa sababu ya utalii, ambavyo watu walizoea kuviongeza mwaka hadi mwaka, vimekuwa vigumu kupatikana. Na ukipata shida, ubalozi wa Uganda uko Ankara, safari ya nusu siku kwa basi.

Guangzhou haijifichi. Tangu siku ya kwanza inakuambia kwamba wewe ni mgeni. Ndani ya saa 24 tangu uingie katika nyumba yoyote unatakiwa uwe umejiandikisha polisi. Viza ikiisha, sheria iliyoanza kutumika Julai 2013 inatoza yuan 500 kwa kila siku ya kuzidisha, hadi 10,000, au unaweza kuwekwa ndani siku 5 hadi 15. Wengi huingia kwa viza ya kusoma Kichina, na wako wanaosoma kweli. Lakini viza hiyo si ya biashara, na anayeifanya ngao ya uwakala ajue anacheza na nini. Njia iliyonyooka ni kusajili kampuni na kuomba kibali cha kazi, na hiyo ina gharama.

Kisha kuna Aprili 2020. Waafrika walitolewa kwenye nyumba walizokuwa wamelipia, wakalala nje, wakapimwa korona kwa lazima, mpaka mabalozi wa Afrika walioko Beijing wakaandika barua ya pamoja kulalamika. Sioni sababu ya kulisema hilo kwa sauti ya chini ati kwa sababu biashara inaendelea. Anayehamia Guangzhou aende akijua kwamba mwenye nyumba anaweza kubadilika kwa usiku mmoja.

Usumbufu mdogo nao upo. WhatsApp imefungwa, utaishi kwa VPN ambayo hukatika wakati ule ule mteja anasubiri picha. Saa ziko tano mbele: Kikuubo ikifungua saa mbili asubuhi, kwako ni saa saba mchana, na ikifunga saa kumi na mbili jioni, kwako ni saa tano usiku na bado unajibu ujumbe. Mwezi Machi unyevu hutiririka ukutani na nguo hazikauki.

Pamoja na hayo yote, kwa wakala ningeelemea Guangzhou. Kamisheni haitoki kwenye uzuri wa maisha, inatoka kwenye wingi na aina za mzigo. Mteja mmoja anataka viatu, wa pili vipuri vya pikipiki, wa tatu vigae vya Foshan, ambako ni karibu kabisa. Unachanganya mizigo yao katika kontena moja, linapakiwa bandari ya Nansha, linakatiza Bahari ya Hindi hadi Mombasa, kisha mpakani Malaba. Njia hiyo haigusi Bahari ya Shamu. Meli zilipoanza kuikwepa mwishoni mwa 2023 na kuzunguka Afrika Kusini, wenye makontena ya Uturuki ndio waliosubiri.

Guangzhou ina kitu kingine ambacho Mganda anayejua Kiswahili asikidharau. Ukifika Xiaobei, mtaa wanakokusanyika Waafrika, utakuta Watanzania, Wakenya na Wakongo wa mashariki wanaoelewana kwa lugha hiyo, wakielekezana kiwanda kipi kinadanganya na ajenti yupi wa meli anachelewesha. Ijumaa baada ya swala kwenye msikiti wa kale unaotajwa kuwa na kaburi la sahaba Sa'd ibn Abi Waqqas, Waafrika wengi hukutana na habari za soko hupita bure. Uganda pia ina konsuli mjini humo.

Mwenye butiki ya nguo za kike anayetaka kujifunza soko lake mwenyewe aende Istanbul, hata kwa miezi mitatu. Mwenye watoto wa kuwasomesha ningemshauri abaki Kampala na asafiri. Asiye na wateja hata wanne waliokwisha kumwamini na pesa zao asihamie popote, kwa sababu hakuna mji utakaompa wateja wa Kampala.

Na aliyeamua Guangzhou asiondoke Januari. Mwaka mpya wa Kichina huangukia kati ya Januari 21 na Februari 20, viwanda hufungwa kwa wiki kadhaa, na utalipa kodi ya nyumba ukitazama malango yenye kufuli. Aondoke baada ya sikukuu hiyo, apange nyumba, ajiandikishe, ajue njia za treni, ili tarehe 15 Aprili maonyesho makubwa ya biashara ya Canton yanapofunguliwa mtaa wa Pazhou na wateja wake wanapotua kutoka Entebbe, awe tayari kuwapokea.