Zimwi la mwembeni na bibi wa macho mekundu

Mpwa wangu wa Isevya, hapa Tabora mjini, ana miaka 9 na daftari zima la katuni za kutisha alizochora mwenyewe. Zimwi lake lina jino moja. Lilikuja kula watoto, likaanza na maembe, likavimbiwa, likakwama juu ya mwembe, na sasa linawabembeleza watoto walewale walete ngazi. Nilicheka mpaka machozi. Dada yangu hakucheka, maana ndiye anayeamka saa nane usiku kumsindikiza mdogo mtu chooni, na choo chao kiko nje, nyuma ya nyumba.

Malalamiko yake yana msingi. Kichekesho cha mtoto wa miaka 9 humpita yule wa miaka 5. Huyu mdogo huondoka na jino tu. Tena sisi hadithi za mazimwi tulisimuliwa na bibi, na ukiogopa ulijisogeza ukamshika khanga. Katuni mtoto huisoma peke yake.

Lakini kuzipiga marufuku kulishajaribiwa. Septemba 1954, mamia ya watoto wa Glasgow, Uskochi, walivamia makaburi wakiwa na visu na fimbo, wakimsaka mnyonya damu mwenye meno ya chuma aliyesemekana kuua watoto wawili. Hakuna mtoto aliyekuwa amepotea. Lawama ziliangukia katuni za kutisha kutoka Marekani, na mwaka 1955 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kuzuia machapisho ya aina hiyo yasiwafikie watoto. Baadhi ya waliochunguza hawakuona katuni yenye jitu la meno ya chuma. Meno hayo yamo hata kwenye Biblia, Danieli 7:7, ambayo hakuna mbunge aliyefikiria kuigusa.

Kwa hiyo mimi niko upande wa zimwi. Mtoto aliyeweza kulivimbisha tumbo na kulipandisha mtini analimudu. Halimwandami kama lile analolisikia kwa minong'ono ya wakubwa. Hofu ya usiku mmoja, na ndoo ikiwekwa chumbani, hiyo tunaibeba.

Kinachonitia wasiwasi mimi kiko ukurasa mwingine wa daftari lilelile. Kuna mchawi: kikongwe, mgongo umepinda, macho yamepakwa wino mwekundu, amepanda ungo. Watu wa Glasgow wangeona picha hiyo haina neno. Huku kwetu magharibi, na Usukumani, vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na macho mekundu yakahesabiwa ushahidi, wakati mara nyingi ni moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe uliowaingia miaka yote waliyopikia watu ugali. Zimwi halina nyumba mtaani. Bibi anayo.

Wapo watakaosema mchawi wa ungo ni mzaha mkongwe, tukimtoa yeye tutamtoa nani kesho? Sawa, abaki. Apewe hata suti na mkoba, au awe kijana mwenye pikipiki. Ungo unachekesha vilevile.

Nilimuuliza mpwa wangu mbona macho mekundu. "Mjomba, wachawi si ndivyo walivyo?" Nikamgeukia mdogo wake, yule wa chooni, nikamwonyesha picha nikitegemea atajificha. Hakuogopa hata kidogo.

"Huyu namjua," akasema. "Anauza karanga pale kona."