Birika, Breka na Mama Hewani

Nilijitolea kubeba spika kwenye tamasha la muziki. Nikapewa kazi ya kuchemsha kahawa.

Tamasha lenyewe lilizaliwa na redio ya chuo, katika mji mdogo wa Massachusetts. Redio za namna hii Marekani hukaa pembeni kabisa mwa masafa ya FM, kati ya 88 na 92, eneo walilotengewa wasiofanya biashara. Hakuna tangazo la sabuni, basi wanafunzi hupiga wanachokipenda: bendi za watu watatu zilizorekodi chumbani na kutoa kanda mia moja tu. Mara moja kwa mwaka bendi hizo hukusanyika kwenye ukumbi wa chini ya kanisa. Halipwi mtu mshahara. Wanamuziki hupata hela ya mafuta, sahani ya wali na maharage, na sakafu ya kulala kwa mmoja wetu. Ngoma ni seti moja ya wote, ila kila mpigaji huja na snea (ngoma ndogo ya mlio mkali), matoazi na pedali yake, maana vifaa hivyo ndivyo huharibika. Kubadilisha bendi: dakika 15, si zaidi.

Sasa, umeme. Soketi zote za jukwaa zilitoka kwenye sakiti breka moja, swichi inayojikata umeme ukizidi, ya ampea 20. Kwa volti 120 za kule, hizo ni wati 2,400, na fundi mwenye akili havuki 1,920 kama mzigo utakaa kwa saa nyingi. Spika, mixa (meza ya kuchanganya sauti), taa na ampilifaya za magitaa zilikuwa zinakula kama 1,100. Birika langu la vikombe 60 lilitaka 1,500. Namba hiyo imeandikwa chini ya birika, mahali ambapo husomi mpaka ulimwage.

Nililichomeka kwenye waya wa jukwaa wenye karatasi iliyoandikwa "usiguse". Nilijua hilo linawahusu wageni.

Breka ikizidiwa kidogo haikati papo hapo. Kibati cha ndani hupata moto polepole mpaka kikajikunja. Shoti ndiyo hukata mara moja. Kwa hiyo kwa zaidi ya dakika kumi kahawa ilichemka, bendi ikapiga, nami nikajipongeza. Saa tatu na dakika arobaini usiku, mwimbaji akiwa katikati ya neno, ukumbi ukawa kaburi.

Meza ya redio, iliyokuwa ikirusha onyesho moja kwa moja, ilikuwa koridoni kwenye breka nyingine. Kwa kawaida kuunganisha mixa mbili zenye umeme tofauti huleta mvumo wa hezi 60, ndiyo maana walipitisha sauti kwenye kisanduku chenye transfoma. Kazi safi. Safi mno, maana jukwaa lilikufa na redio ikabaki hewani. Maikrofoni mbili za kunasa makofi zilikuwa zinalishwa volti 48 na mixa hiyo hiyo ya redio. Redio ikinyamaza msikilizaji huhama, basi binti wa mixa akazipandisha mpaka mwisho.

Moja ilikuwa imening'inia juu ya meza ya kahawa, na boksi la breka lilikuwa ukutani nyuma yake.

Nikawasha tochi ya simu. Simu ikaita. Tanga ilikuwa saa kumi na dakika arobaini, mama kaamka kwa sala ya alfajiri. Nilihitaji mwanga, nikampokea kwa spika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umekula?"

"Bado, umeme umekatika."

"Heee! Marekani nako kuna mgao?"

"Ni breka, mama."

"Umechomeka nini?"

Sikujibu. Nilikuwa nasukuma swichi upande wa kuwasha, nayo inagoma. Breka iliyokata hukaa katikati: lazima uisukume kwanza upande wa kuzima, isikike tak, ndipo uwashe. Nilipogundua, taa ziliwaka, umati ukashangilia, na mama akadhani anashangiliwa yeye, akaanza habari ya mchango wa harusi ya binamu yangu.

Birika nilikuwa sijalichomoa. Breka yenye moto haikai muda mrefu kama ile ya baridi. Dakika mbili, giza tena.

"Nilikuuliza umechomeka nini," mama akasema.

Studio ya redio ilipokea simu tatu. Mmoja aliuliza bendi hiyo inatoka wapi. Wa pili alitaka kujua yule mama anaimba lini tena. Wa tatu alizungumza Kiswahili, akasema chomoa birika.

Kila kinachopigwa lazima kiandikwe kwenye daftari la studio, na binti yule hakuruka mstari. Msanii: Mama. Wimbo: Umekula? Lebo: binafsi.