Swali la Yohana kutoka gerezani

Mwaka mmoja kipindi cha Majilio, yale majuma ya kuingojea Krismasi, kilinikuta nasubiri majibu ya vipimo vya mama. Kanisani ukawashwa mshumaa wa kwanza, ukafuata wa pili, majibu hayajatoka. Kila niliyekutana naye alikuwa na neno la kunipa: mwachie Mungu, kuwa na imani, Mungu hachelewi. Nia yao ilikuwa njema. Lakini maneno yale yalinichosha kuliko kusubiri kwenyewe, maana yalinifanya nione aibu kwa kuogopa.

Nilipata kupumua Dominika ya tatu, ile ya Gaudete, yaani “Furahini”, padre anapoweza kuvaa rangi ya waridi badala ya zambarau na sote tukaambiwa tufurahi. Masomo yalikuwa ya Mwaka A, wa kwanza katika mzunguko wa miaka mitatu ya masomo ya Misa, na Injili ya siku hiyo ya furaha, ajabu kweli, inatupeleka gerezani. Yohana Mbatizaji amefungwa na Herode. Anawatuma wanafunzi wake wakamwulize Yesu: “Wewe ndiye yule ajaye, au tumtazamie mwingine?”

Hebu tazama anayeuliza ni nani. Ni yule aliyeruka tumboni mwa Elisabeti aliposikika Mariamu akisalimia. Ni yule aliyembatiza Yesu mtoni Yordani. Tangu zamani wako wafafanuzi wanaomtetea, wakisema hakuwa na shaka, aliuliza kwa faida ya wanafunzi wake tu. Mimi utetezi huo siupendi. Mtu aliyezoea jangwa na anga lote, sasa amefungiwa ndani ya kuta nne. Akiuliza, namwamini kwamba anauliza kweli.

Na Yesu hamkemei. Anawaambia wale wajumbe wakamweleze wanayoyaona na kuyasikia: vipofu wanaona, viwete wanatembea, wenye ukoma wanatakaswa, viziwi wanasikia, wafu wanafufuliwa, maskini wanahubiriwa habari njema. Ni maneno yenye harufu ya Isaya, na Yohana lazima aliijua harufu hiyo. Ila kuna kitu hakimo. Isaya 61 inataja pia wafungwa kufunguliwa, na Yesu mwenyewe alilisoma andiko hilo katika sinagogi la Nazareti. Katika jibu kwa mfungwa huyu, wafungwa hawatajwi.

Nadhani Yohana aliliona pengo hilo. Hakufunguliwa, alikatwa kichwa. Tena sifa kubwa kuliko zote, kwamba katika wazao wa wanawake hajatokea aliye mkuu kuliko yeye, Yesu aliitamka wajumbe wakiwa wameshaondoka. Kwa jinsi Mathayo anavyosimulia, huenda mwenyewe hakuisikia kamwe.

Hapo ndipo ninapotofautiana na mahubiri mengi ya msimu huu, yanayoahidi kwamba mlango wako utafunguka kabla ya Krismasi. Padre Alfred Delp, Mjesuiti wa Ujerumani aliyefungwa na Wanazi, aliandika tafakari zake za Majilio ya 1944 akiwa gerezani Berlin, mikono imetiwa pingu. Tarehe 8 Desemba aliweka nadhiri zake za mwisho humo humo. Tarehe 2 Februari 1945 akanyongwa. Ukimpima kwa kipimo cha mlango kufunguka, utasema tumaini lake lilikuwa bure, na sidhani kama kuna anayemsoma leo akathubutu kusema hivyo.

Kumtumaini Mungu, kwa ninavyoelewa sasa, hakukumzuia Yohana kuuliza. Kulimwonyesha pa kulipeleka swali. Angeweza kulinong'ona kwa walinzi, au kulimeza likaoza moyoni. Alilipeleka kwa yule yule ambaye Yohana alikuwa anamtilia shaka.

Majibu ya mama yalitoka juma la nne, na hayakuwa mazuri. Usiku ule sikuomba muujiza. Nilisali swali la Yohana neno kwa neno, mara mbili, kisha nikarudi kukaa kando ya kitanda chake.