Neno adimu, adimu kwa nani?

Anayependa maneno yasiyosikika sana ana siku yake ya kuchekwa. Akisema machweo, au akimwita kijana ghulamu, wenzake humuuliza kama amemeza kamusi.

Lawama hiyo ina msingi. Shuleni Kenya, insha nyingi zimejaa mapambo ya kukariri, na mwanafunzi hujifunza mapema kwamba msamiati mzito unaweza kumpa alama hata kama kisa chenyewe hakina kichwa wala miguu. Na kwenye maelekezo ya dawa au hati ya wito wa mahakama, neno lisiloeleweka humdhuru msomaji. Hapo sina ubishi.

Ila wachekaji huchukulia kwamba neno geni kwao ni geni kwa wote. Tazama methali "Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani". Watoto wa bara huikariri kama dua. Baharia wa jahazi haoni humo hata neno moja la ajabu: tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, ngama ni kule chini maji yanakojikusanya. Ni majina ya sehemu zake za kazi. Pepo nazo vilevile. Wengi wetu tunataja kaskazini na kusini kila siku, lakini mtu akizungumzia kaskazi na kusi, zile pepo za msimu zilizozipa pande hizo majina, tunadhani anajifanya malenga. Mvuvi wa Pemba hawezi kupanga safari bila kuzijua.

Hata ugumu wenyewe hauamui neno lipi litaishi. Kishikwambi, yaani tableti, kilichekwa sana Tanzania. Kisha ikaja sensa ya 2022, karani akabisha hodi akiwa nacho mkononi. Baadaye walimu wakagawiwa, na sasa wanakitaja bila kutabasamu. Kilichokisaidia ni kwamba kifaa na jina vilifika mlangoni pamoja. Tarakilishi halikupata bahati hiyo: limebaki zaidi kwenye madarasa ya Kenya, ilhali dukani watu wananunua kompyuta. Mdahalishi, lililopendekezwa kwa intaneti, lina hali mbaya zaidi. Mimi mwenyewe silitumii ninaponunua bando, lakini nalipenda, na sioni sababu ya kumwomba mtu radhi kwa hilo.